Jina Lisiloingia Wimboni

Siku watu wa mjini walipokuja kupaka miti yetu ya mialoni rangi nyekundu, wifi yangu Nikeso alikuwa kwenye chemchemi anaosha sufu. Hakuacha kuosha. Aliwatazama wakizunguka na chungu chao cha rangi, wakiweka alama shina baada ya shina, mashina kumi na manne, kisha akakamua fungu la mwisho, akalitia kapuni, akanipa.

"Mnesila, shika hili kapu," akaniambia. "Nikiwa na kitu mkononi nitampiga nacho mtu."

Aliyewaongoza alikuwa Hegesandro, kuhani wa Apolo na mjumbe wa baraza la mji. Hakuwa mtu mbaya. Nikeso alimwendea hivyo hivyo, na mikono yake inachuruzika maji.

"Bwana kuhani, hiyo miti ina mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Kedone. Na sasa hivi umemkanyagia ukingo wake na viatu."

Hegesandro akashuka ukingoni haraka. Nilimpenda kwa hilo. Kisha akaeleza kwa upole kwamba paa la hekalu la Apolo limeoza, kwamba zinatakiwa boriti ndefu, na baraza limekata shauri: miti itaangushwa baada ya sherehe ya majira ya kuchipua.

"Na kuhusu huyo Kedone, mama, usidhani hatukuuliza. Wimbo wa Thalemo unawataja miungu wote waliompokea alipotua kisiwani kwetu. Ni kumi na saba. Nimewahesabu. Kedone hayumo. Chemchemi ni chemchemi tu. Maji mtachota kama kawaida, hakuna atakayewazuia."

"Thalemo aliletwa hapa na jeraha pajani, damu haikatiki. Aliyemwosha ni Kedone."

"Wimbo unasema alioshwa na binti wa maji."

"Na huyo binti wa maji hana jina?"

"Kama analo, mbona haliimbwi?"

Kwetu hakuna asiyejua wimbo wa Thalemo, babu yetu aliyekuja na merikebu tatu. Mtoto huusikia tumboni mwa mama yake. Kila aliyetajwa mle ana shamba lake, madhabahu yake na sehemu yake ya nyama siku za sherehe. Asiyetajwa hana mtetezi. Na sisi watu wa Agrela, kijiji cha wafuga mbuzi juu mlimani, tulikuwa tumezoea kusikia sehemu ile ikipita kama upepo: binti wa maji akamwosha, halafu huyo, wimbo umeshafika kwa mwingine.

"Sherehe ni lini?" Nikeso akauliza.

"Siku arobaini kutoka leo."

"Jina lake likiimbwa siku hiyo mbele ya madhabahu, je?"

Vijana wenye chungu cha rangi wakacheka. Hegesandro hakucheka. "Likiimbwa na mwimbaji, na watu wakalikubali, nitakuja kuifuta rangi hii kwa mkono wangu mwenyewe."

"Mmesikia nyote," Nikeso akasema, akarudi kuninyang'anya kapu lake.

Lazima niseme jambo moja hapa, maana bila hilo mtu atadhani wifi yangu alikuwa mgomvi tu. Nikeso alizika watoto watatu, na baada ya hao akamzika mume, akarudi kuishi kwetu, kwa kaka yake, akiwa na mimba ya nne. Usiku na mchana alikuwa kwenye chemchemi ile. Alimwekea Kedone nadhiri: huyu akiishi, nitalitia jina lako katika vinywa vya watu. Mtoto akaishi. Ndiye Mirtia, sasa ana miaka kumi na mitano na ulimi mkali kama wa mama yake. Na nadhiri ile ilikuwa bado haijatimizwa. Nikeso alikuwa mwombolezaji mkuu wa vijiji vyote vya mlimani. Kila msiba alilitaja jina la Kedone, lakini maneno ya msibani huishia makaburini. Alilijua hilo, na lilimla.

*

Kesho yake tuliteremka mjini kwa Teleson, mwimbaji. Alikuwa mtu wa miaka hamsini hivi, mwembamba, mwenye kifua kilichojitokeza mbele kama cha jogoo, na aliishi pembeni ya karakana ya mhunzi, kwa sababu wanaume walipenda kukaa pale kwenye joto na yeye alipenda kukaa wanapokaa watu. Alitusikiliza mpaka mwisho, akachukua fimbo yake.

"Sikiliza, mama. Wimbo wa mashujaa unatembea kwa hatua sita. Kila mshororo hatua sita, tangu enzi za mababu. Kila hatua inaanza na sauti ndefu." Akagonga sakafu, akaiacha fimbo itulie. "Baada ya hiyo, unaweka fupi mbili au unaweka ndefu nyingine moja. Basi. Sasa mtaje mungu wako."

"Kee-do-nee."

"Ndefu, fupi, ndefu." Aligonga mara tatu, na hata mimi nisiyejua kitu niliona fimbo imejikwaa. "Sauti fupi hutembea mbili mbili, kama ng'ombe wa jembe. Hiyo ya kwako haina mwenzake. Jina hilo haliingii. Si kwamba silitaki! Nilijaribu ujanani, na mzee aliyenifundisha alijaribu kabla yangu. Mshororo unavunjika mguu."

"Basi badilisha mshororo."

Alimtazama kana kwamba amemwambia ateme mate juu ya madhabahu. "Mimi sikuutunga. Kabla sijafungua kinywa namwomba Binti wa Kumbukumbu, yeye anayewapa watu nyimbo, aimbe ndani yangu. Yeye aliwaona wakitua. Mimi na wewe hatukuwepo. Sasa nimwambie amekosea kuhesabu?"

"Yeye hakukosea. Wewe ndiye humsikii vizuri."

Wanaume waliokuwa kwa mhunzi waliguna. Mmoja akasema, "Teleson, leo umepata mke!" Mwimbaji akawa mwekundu masikioni, lakini bado alitaka kusaidia.

"Naweza kumwita Kedo. Au binti wa Agrela mwenye nywele nzuri. Hilo linaingia vizuri kabisa."

"Ukipotelewa na mwanao sokoni," Nikeso akamwambia, "ukaita 'mwenye nywele nzuri, njoo,' watageuka wangapi? Mungu huitwa kwa jina lake. Akiitwa kwa jina lisilo lake, haji. Au anakuja mwingine, na hilo ndilo baya zaidi."

"Basi mimi sina la kufanya."

"Mimi ninalo," Nikeso akasema.

Tulipokuwa njiani kupanda mlima nilimuuliza ni lipi hilo alilonalo. "Sijui bado," akanijibu, akaendelea kupanda.

*

Kuanzia siku ile nyumba yetu haikukalika. Nikeso alisaga shayiri kwa hatua sita. Alifuma kwa hatua sita. Alikuwa akianza mshororo, akifika kwenye jina anasimama ghafla, mkono juu ya jiwe, midomo inacheza. Kisha anaanza upya. Unga ukawa wa chenga chenga. Mume wangu alitafuna mkate jioni moja, akautoa mdomoni, akautazama.

"Dada, tunajenga ukuta au tunakula?"

"Kula, kaka. Meno ni ya nini?"

Mimi nami nilimtania, maana mawifi ndivyo tulivyo. Nilimwambia atafute mume wa pili, angalau mume hulala. Hakucheka. Alijaribu kulirefusha jina, akalikataa mwenyewe. Alijaribu kulikata mbele, akalikataa. Siku kumi zikapita hivyo, na ya kumi na moja, na ya kumi na mbili.

Siku ya kumi na tatu akaniambia, "Mimi nahangaika na kitu nisichokijua. Nimeusikia wimbo ule maisha yangu yote, lakini sijawahi kuusikiliza. Naenda mjini."

Kila asubuhi Teleson alifanya mazoezi kwa mhunzi. Mwanamke hakai mle ndani. Nikeso akakaa nje, ameegemeza mgongo ukutani, na kapu la sufu mbele yake kama mtu anayesubiri kununuliwa bidhaa. Mkononi alikuwa na uzi. Kila sauti ndefu alipiga fundo kubwa, kila fupi fundo dogo. Mshororo mmoja, uzi mmoja. Jua lilimpata, mvua ilimpata. Wanaume waliopita walimuuliza anauza bei gani. Aliwatajia bei ya kuwafukuza. Jioni alipanda mlima, nasi tulimsaidia kutandaza nyuzi zile sakafuni, Mirtia akizisoma kwa vidole huku mama yake akiimba.

Baada ya siku nane tulikuwa na nyuzi zaidi ya mia tatu, na Nikeso alikuwa amekasirika.

"Nimekosea mahali," akasema. "Tazama. Hera. Mke wa Zeus mwenyewe. Teleson anamwita Heeree, mafundo mawili makubwa. Hapa mawili makubwa, hapa mawili makubwa. Lakini hapa, na hapa, na huku, ni kubwa na dogo. Mkia umekatwa."

"Ulisinzia," nikamwambia.

"Nikisinzia hukosea popote. Hapa nimekosea kwenye jina moja tu?"

Kesho yake akashuka tena kuhakikisha, akarudi na nyuzi zile zile. Mara nyingine Hera alikuwa na mkia, mara nyingine hakuwa nao, na Nikeso hakuweza kujua kwa nini.

Sababu aliipata nyumbani. Tulikuwa na sadaka yetu ya mwezi pale chemchemini: maziwa, asali, na mara hii mwanambuzi, kwa kuwa sote tulikuwa na hofu juu ya miti. Mume wangu alishika kisu. Kisu kinapoingia, wanawake huliita jina na kupiga vigelegele, na vigelegele vya kwetu huanza na mdomo ulioachama: ololololo. Tukaita, tukapiga. Katikati nikamwona wifi yangu amenyamaza, mdomo wazi, macho yamemtoka.

"Rudieni," akasema.

"Turudie nini? Mbuzi ameshakufa."

"Nimesema rudieni!"

Basi tukarudia bila mbuzi, wanawake kumi na mmoja tukimwangalia kama mtu aliyepandwa na kitu. Tukaita: Kedone, ololololo! Akatufanya turudie mara ya tatu. Kisha akakaa kitako kwenye majani mabichi, akaweka mikono kichwani.

"Hamjisikii? Tukiliita peke yake ni Kee-do-nee. Tukiliita na vigelegele ni Kee-do-ne, ololo. Mkia unafupika wenyewe, kwa sababu neno linalofuata linaanza kwa mdomo wazi, na sauti inakimbilia huko. Hatukuligusa jina lake. Ni lile lile. Ila limeingia mlangoni mbio." Akaanza kugonga goti lake. "Ndefu, fupi, fupi. Ndefu, fupi, fupi! Ng'ombe wawili!"

Mirtia alikuwa ameshakimbilia nyumbani kuzileta nyuzi. Tukazipekua pale pale, damu ya mbuzi bado haijakauka. Kila mahali Hera alipokatwa mkia, neno lililomfuata lilianza kwa mdomo wazi. Kila mahali. Hakuna hata uzi mmoja uliokwenda kinyume.

*

Asubuhi alipofika kwa mhunzi hakukaa nje. Alisimama mlangoni kabisa, nami nyuma yake nikitamani ardhi inimeze.

"We mama, humu ni kwa wanaume," mhunzi akasema.

"Sijaingia. Nimesimama. Mzee Teleson, nikuulize. Hera ni ndefu mbili?"

Teleson aliona fahari kuulizwa. "Ndefu mbili."

"Siku zote?"

"Siku zote. Ni malkia, nani atampunguza?"

"Wewe unampunguza. Imba pale anapokasirika juu ya merikebu ya pili."

Wanaume wakacheka, wakampigia makofi ya kumchokoza. Teleson akaimba, kwa dharau kidogo, huku fimbo ikigonga. Alipofika kwa Hera fimbo haikujikwaa hata kidogo. Akaendelea maneno matatu mbele, kisha sauti yake ikapungua, ikazima. Akarudia polepole. Akarudia tena. Mhunzi aliacha kupuliza moto.

"Naapa kwa Zeus," mwimbaji akasema, na hakuwa anaongea nasi. "Nafanya hivyo."

"Kila likifuata neno la mdomo wazi," Nikeso akasema. "Na si kwa Hera peke yake. Nina nyuzi nyumbani, nikuletee?"

"Miaka thelathini. Mdomo wangu unajua, mimi sijui." Akainua uso. Nilitegemea ataona haya, lakini alikuwa na woga. "Mama, unanionyesha mlango. Sijui kama nimeruhusiwa kuupita."

"Kama mke wa Zeus anakubali mkia wake ukatwe, Kedone wangu ni nani akatae?"

Siku ya tatu baada ya hapo Teleson akapanda mlima peke yake. Alikwenda chemchemini kwanza, akamwaga asali, akaomba muda mrefu, si kwa Kedone tu bali pia kwa Binti wa Kumbukumbu. Nilimsikia akisema kwamba kama ni kosa, adhabu iwe kwenye koo lake na si kwa watu. Ndipo akaja ukumbini petu kufanya kazi.

Walifanya kazi kama watu wanaogombea mpaka wa shamba. Teleson alisema mshororo unaotosha tu si mshororo. Ubovu ni matusi kwa mungu. Alitaka baada ya jina iwekwe sifa ya kale, "mwenye vifundo vizuri vya miguu".

"Nani alimwona miguu?" Nikeso akauliza.

"Sifa si habari, mama! Sifa ni kiti. Mungu haingii kwenye wimbo akasimama wima katikati kama mgeni asiyekaribishwa. Unamtangulizia kiti."

"Basi nimtengenezee kiti chake. Hicho cha vifundo wamekikalia wangapi?"

Teleson akahesabu kimya kimya. "Saba," akakiri.

Nikeso akamshika kiganja, akamvuta mpaka chemchemini, akauzamisha mkono wake wote mle. Maji yetu hutoka chini ya jiwe, na hata wakati wa kiangazi yanauma mifupa. Teleson alivumilia kidogo, akautoa mkono akiupuliza.

"Hivyo ndivyo damu ya Thalemo ilivyokatika," Nikeso akasema.

Mwimbaji, akiwa bado anatetemeka kwa baridi, akasema mshororo mzima kwa mara moja, na fimbo haikujikwaa: *Kedone, aliye na mikono ya baridi, akaishika damu, nayo ikasimama.* Sitaki kudanganya, nywele zilinisimama. Nikeso alimfanya aurudie mpaka mbuzi wakarudi.

*

Sherehe ilifika na jua zuri. Uwanja mbele ya madhabahu ya Apolo ulijaa mpaka juu ya kuta. Palikuwa na waimbaji watatu, mmoja kutoka kisiwa jirani, na zawadi ya fahali. Asubuhi ile ile, wakata miti waliokosa subira walikuwa wameshaangusha mwaloni wetu wa kwanza. Mume wangu alikuja kutuambia pale uwanjani. Nikeso alifumba macho, akayafumbua. "Bado kumi na mitatu," akasema.

Teleson aliimba vizuri kuliko siku zote. Merikebu zikatua, mkuki ukaruka, Thalemo akaanguka, wakambeba mlimani. Sisi wanawake wa Agrela tulishikana mikono. Na alipofika mahali penyewe, mdomo wake, ule mdomo uliojua mambo bila yeye, ukashika njia yake ya miaka thelathini: binti wa maji akamwosha. Akapita.

Nilimwona usoni. Alijua. Alikuwa kama mtu aliyemwacha mtoto ufukweni na merikebu imeshang'oa nanga. Lakini mwimbaji harudi nyuma mbele ya madhabahu, na aliendelea, mshororo wa kwanza, wa pili.

Nikeso akasimama. Hakupiga kelele za hasira. Aliliita jina kama tunavyoliita kisu kinapoingia, kwa sauti ile iliyoongoza misiba ya vijiji tisa, nasi sote tukainuka pamoja naye: Kedone, ololololo!

Wimbo ukakatika. Uwanja mzima ukageuka kututazama. Mzee mmoja wa baraza akapaza sauti, "Watoeni hao!" Askari wa mlangoni wakaanza kujipenyeza kati ya watu. Nikeso hakukaa. Aliita mara ya pili, akiwa amemkazia macho Teleson, na safari hii wanawake wengine wa mlimani, ambao aliwazikia waume na watoto wao, waliinuka wakaitikia.

Teleson akagonga fimbo chini. Akarudi nyuma mishororo mitatu, jambo ambalo sijalisikia tena tangu siku ile, akambeba tena Thalemo mlimani, akamlaza kwenye jiwe, na akaimba: *Kedone, aliye na mikono ya baridi, akaishika damu, nayo ikasimama.*

Hakuishia hapo kwa woga. Aliendelea mpaka mwisho, kwa nguvu. Alipomaliza, yule mzee wa baraza alikuwa bado amesimama.

"Ameuharibu wimbo! Mambo hayo hayamo!"

"Yamo sasa," mchungaji mmoja akajibu kutoka ukutani, na watu wakacheka. Kisha nikasikia kitu kingine. Huku na huku, kwa sauti ya chini, watu walikuwa wakiurudia ule mshororo, wakiugonga kwenye mapaja yao kuona kama unasimama. Ulisimama. Sauti ikapanda, kwanza upande wa watu wa mlimani, kisha upande wa bandari, mpaka nikaweza kuyatofautisha maneno.

Hegesandro alitoka mbele ya madhabahu, akainua mkono. Alingoja mpaka watu wakatulia.

"Niliahidi mbele ya mashahidi," akasema. "Nimesikia likiimbwa, na nimesikia likikubaliwa. Ni kumi na wanane."

Alikuja siku ya tatu, yeye mwenyewe, na matambara na siki. Rangi haikutoka. Ilibidi akwangue magome kwa kisu, shina baada ya shina, akitokwa jasho katika vazi lake jeupe, na Nikeso hakumsaidia hata kwa tone la maji mpaka alipomaliza la kumi na tatu. Hapo ndipo alipompa kikombe. Boriti za hekalu zilitafutwa upande wa pili wa kisiwa, za misonobari, fupi kuliko zilivyotakiwa, na ikabidi nguzo ziongezwe katikati. Wajumbe wa baraza wananung'unika mpaka leo kwamba hawaoni mbele.

Fahali alikwenda na mwimbaji wa kisiwa jirani. Waamuzi walisema mtu aliyekatika njiani hawezi kushinda, na walikuwa sahihi. Teleson aliumia sana. Hakutusalimia kiangazi chote. Tukimkuta sokoni aligeukia vitunguu. Nikeso alimpelekea joho alilolifuma mwenyewe. Alilipokea, hakutuma neno.

Alikuja wakati wa kuvuna zeituni, bila taarifa, akakuta tumetandaza mikeka chini ya miti. Alikaa juu ya jiwe, akavua viatu.

"Nimetoka kisiwa cha Delo, kwenye sherehe," akasema. "Kulikuwa na mwimbaji mmoja, kijana wa pwani ya mashariki, sijawahi kumwona. Ameimba habari za Thalemo. Akafika pale."

Nikeso aliacha kupiga matawi.

"Akauimba wote. Mikono ya baridi na yote. Kana kwamba ni wa mababu. Nikamuuliza, bwana, huo umejifunza kwa nani? Akanijibu, sikujifunza kwa mtu, nilipewa na Binti wa Kumbukumbu."

Nikeso alicheka mpaka akaacha fimbo ikaanguka, akajishika mbavu.

"Unacheka? Umehangaika nao siku arobaini, nami nimekosa fahali, na yule mtoto hajui hata jina lako!"

"Jina langu la nini, mzee wangu? Amelitaja la Kedone?"

"Amelitaja."

"Mkia ameukata?"

"Ameukata vizuri."

"Basi tumetajwa sote," Nikeso akasema, akaokota fimbo yake. Mirtia akamletea mgeni mkate, jibini na bakuli la zeituni. Teleson alikula vyote, akalalamika kwamba chumvi imezidi, na akatuuliza kama bado tunazo zile nyuzi, maana palikuwa na mahali pengine wimboni, kwenye vita vya daraja, alipokuwa akijikwaa tangu ujanani.